Mbwa anayefundishwa kwa kipigo ni hasara kwa mfugaji

MFUGAJI akiibiwa kuku usiku mmoja, au duka lake likivunjwa, jambo la kwanza analolifikiria siku hizi si kuajiri mlinzi wa pili. Anatafuta mbwa. Tena si mbwa yeyote wa kienyeji, bali mbwa mkubwa wa kutisha: German shepherd, Rottweiler, Boerboel kutoka Afrika Kusini, au chotara wa hao. Ukipita pembezoni mwa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Kampala utakutana na mageti yenye kibao cha "Mbwa Mkali", ama "Mbwa Kali" kama wanavyoandika wenzetu wa Kenya, mahali ambapo zamani palikuwa na ua wa minyaa na kengele ya baiskeli ya muuza maziwa.

Hesabu ya mfugaji huyu inaeleweka. Mlinzi anadai mshahara kila mwisho wa mwezi na wapo wanaolala kazini. Mbwa anakula ugali, utumbo na mifupa, na usiku masikio yake hayapumziki. Lakini kuna mstari mmoja ambao wengi hawauandiki katika hesabu hiyo, nao ni gharama ya mbwa anayeuma mtu asiyestahili kuumwa.

Mtu huyo kwa kawaida si mwizi. Ni kijana aliyeleta pumba kwa bodaboda, mama anayekuja kununua trei tatu za mayai, msoma mita, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, au mfanyakazi mpya ambaye ameanza kazi juzi. Mara nyingi pia ni mtu wa nyumba ileile. Mwizi mzoefu humchunguza mbwa kwanza, na akiona ni hatari huja na nyama yenye sumu. Mteja haji na sumu. Anaingia tu, kwa sababu geti liko wazi na biashara inahitaji watu.

Safu hii inataka kulitazama suala hili kibiashara, kwa kuwa mjadala wake umekuwa ukifanywa kama vile ni jambo la huruma peke yake. Huruma ipo na ina nafasi yake. Lakini hata kwa mtu asiyempenda mbwa, anayemwona kama jembe au kufuli, ushahidi uliopo leo unaonyesha kwamba namna tunavyowatengeneza mbwa wakali inatupa ulinzi mbovu kwa bei kubwa.

Tunavyomtengeneza mbwa mkali

Njia iliyozoeleka inajulikana kwa kila msomaji. Mtoto wa mbwa ananunuliwa akiwa na wiki tano au sita, anafungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba au kwenye banda lenye giza, anafunguliwa saa nne usiku. Haruhusiwi kuonana na wageni, ili "asizoeane na watu". Akikosea anachapwa. Vijana wa mtaani wanamrushia mawe kupitia uwazi wa geti, na mwenye nyumba anafurahi kwa sababu anaamini mawe hayo yanamwongezea ukali. Wapo wanaomchanganyia pilipili katika chakula, na wapo wanaoapa kwamba mbwa aliyelishwa nyigu hawezi kuogopa mtu. Pilipili humuumiza mbwa tumbo. Kazi yake inaishia hapo.

Kinachopatikana baada ya mwaka mmoja ni mnyama wa kilo 40 au 60 ambaye kwake kila binadamu asiyemfahamu ni tishio. Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema sehemu kubwa ya ukali tunaouona kwa mbwa wa aina hii unatokana na woga. Mbwa anabweka, ananguruma na kurusha meno kwa sababu amejifunza kwamba akifanya hivyo, kinachomtisha huondoka. Muuza maziwa huacha maziwa na kuondoka. Kwa macho ya mbwa, kubweka kumemfukuza. Kesho atabweka zaidi. Kila siku anapata somo, ila mwalimu ni geti.

Hapo ndipo fimbo inapoharibu zaidi. Mgeni anatokea, mbwa ananguruma, mwenye mbwa anamchapa. Kwa akili ya mbwa, mambo mawili yameungana: mgeni na maumivu. Sababu ya kumchukia mgeni imeongezeka. Wakati mwingine mbwa huacha kunguruma kwa kuogopa fimbo, na mwenyewe anajisifu kwamba amepona, kumbe kilichoondoka ni onyo tu. Siku nyingine atauma kimyakimya. Kunguruma ni kengele ya hatari, na mtu anayemchapa mbwa kwa kunguruma amekata waya wa kengele yake mwenyewe.

Haya hayasemwi kwa kubahatisha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha matokeo ya dodoso walilowapa watu waliofikisha mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliokuwa wamempiga mbwa au kumpiga teke kwa kosa fulani, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Waliomwangusha chali na kumkandamiza, asilimia 31. Hata kumkazia macho tu kulileta ukali kwa asilimia 30. Njia za kumtuza mbwa zilileta ukali kwa wachache sana.

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walikwenda mbali zaidi. Waliwafuatilia mbwa 92 kutoka shule saba za mafunzo, baadhi zikitumia tuzo na baadhi zikitumia kuvuta shingo, kukaripia na adhabu. Walipima mate ya mbwa hao kutafuta homoni ya msongo, na wale wa adhabu walikuwa nayo zaidi baada ya somo. Kisha wakafanya jaribio jepesi ambalo mfugaji yeyote angelielewa. Mbwa alizoeshwa kwamba bakuli likiwa upande mmoja lina chakula, likiwa upande wa pili ni tupu. Halafu likawekwa katikati, mahali pa mashaka. Mbwa waliofundishwa kwa tuzo walikimbilia bakuli kwa matumaini. Wale waliozoea adhabu ya mara kwa mara walijivuta, kama mtu aliyezoea kuambiwa hapana. Mnyama anayetegemea mabaya katika kila jambo la mashaka ndiye huyohuyo tunayemtaka aamue, gizani, kama anayeingia ni mwizi au ni mtoto wa nyumbani amechelewa kurudi.

Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mafunzo yote ya mbwa, wakiwamo wenye ukali, yatumie njia za tuzo. Nasisitiza maneno "wenye ukali" kwa sababu kwetu husikika hoja kwamba tuzo ni za mbwa wadogo wa kubebwa mikononi, na mbwa mkubwa anahitaji mkono wa chuma. Ukweli uko upande wa pili. Mbwa mkubwa ndiye ambaye huwezi kumshinda kwa nguvu siku atakapoamua kukujibu.

Kuna pia ile nadharia ya ubabe, kwamba mbwa ni mbwamwitu na lazima umwonyeshe nani mkuu wa kundi. Chanzo chake kikubwa ni uchunguzi uliochapishwa mwaka 1947 kuhusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, ambao kwa hakika walipigana sana, kama watu wasiojuana wakifungiwa chumba kimoja. Mtafiti wa Marekani, L. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kueneza wazo hilo, alikuja kuandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini habari hiyo haijafika kwenye mageti yetu.

Bili ya kuumwa

Tuje kwenye fedha. Mtu akiumwa na mbwa wako, hatua ya kwanza ni kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, asilimia 95 wakiwa Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Chanjo baada ya kuumwa ni dozi kadhaa kwa siku tofauti, hivyo kuna nauli za kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, na katika wilaya nyingi kuna usumbufu wa kuipata dawa yenyewe. Mwenye mbwa ndiye atakayetazamwa usoni alipe.

Baadaye kuna sheria. Katika misingi ya sheria ya madai ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kutoka kwa Waingereza, mtu anayejua kwamba mnyama wake ana tabia ya kudhuru anawajibika kwa madhara yake. Hapa kile kibao cha "Mbwa Mkali" kina uso wa pili. Wengi wanadhani kinawakinga, kwamba aliyeingia kaingia kwa hiari yake. Mbele ya hakimu kinaweza kugeuka kuwa ushahidi kwamba mwenye mbwa alijua fika. Sisemi kibao king'olewe. Nasema kisitegemewe kama bima.

Upande wa mnyama nako sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Zote zinaufanya ukatili dhidi ya mnyama kuwa kosa. Utekelezaji ni hafifu, kila mtu anajua, lakini kosa halifutwi na uvivu wa mwendesha mashtaka.

Gharama kubwa kuliko zote haina risiti. Mama wa mayai aliyeumwa, au aliyenusurika tu, hatarudi. Atawaambia wenzake sokoni. Mtaalamu wa ugani ataahirisha kukutembelea. Kijana wa kazi ataondoka mwezi wa pili. Nimeona banda zuri la kuku wa mayai likiuza kwa bei ya chini kuliko majirani kwa sababu wanunuzi wa jumla walikataa kuingia getini na kutaka trei ziletwe barabarani.

Kuhusu mnyororo, kuna utafiti wa Denver, Marekani, wa mwaka 1994 ambao ulilinganisha mbwa waliowahi kuuma na ambao hawajauma. Waliouma walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa wanafungwa mnyororo uani. Mtu makini atauliza: je, mnyororo ulimfanya akawa mkali, au alifungwa kwa kuwa alikuwa mkali tayari? Utafiti wa namna hiyo hauwezi kumaliza ubishi huo wote. Lakini mbwa aliyefungwa hana njia ya kukimbia, na mnyama asiye na njia ya kukimbia amebakiwa na meno. Uzio au banda lenye nafasi vinampa njia ya tatu.

Dagaa mkononi, mgeni mbali

Sasa afanyeje mtu ambaye mbwa mkali tayari yuko nyumbani? Njia yenyewe si siri wala haihitaji vifaa vya kuagiza ng'ambo. Inahitaji kamba imara, mkanda wa kifuani usiokaba shingo, chakula kidogo kitamu, na subira ya wiki kadhaa, pengine miezi. Ukiwa na mbwa aliyewahi kuuma, mzoeshe kwanza kuvaa kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kuhema, kunywa maji na kupokea chakula, na umzoeshe kwa kumwekea dagaa ndani ya kikapu hicho hadi akitafute mwenyewe.

Jambo la msingi ni umbali. Kila mbwa ana umbali ambao akimwona mgeni anamtambua lakini bado hajapandisha hasira. Kwa mmoja ni hatua kumi, kwa mwingine ni hatua hamsini. Mtafute huo umbali. Msaidizi asimame mbali, aonekane. Mbwa akimtazama tu, kabla hajabweka, toa kipande cha dagaa, ini au pafu lililochemshwa, kidogo kama punje mbili za mahindi. Mgeni akionekana, chakula kinakuja. Mgeni akijificha, chakula kinakwisha. Mfuatano huo ndio dawa: mgeni kwanza, chakula baadaye. Ukimwonyesha chakula kwanza ndipo mgeni atokee, mbwa atajifunza kukitilia shaka chakula chako.

Dakika tano asubuhi kabla hajala na tano jioni zinatosha. Baada ya siku kadhaa utamwona akimtazama mgeni kisha anageuka kukutazama wewe, kama anayeuliza, "dagaa yuko wapi?" Siku hiyo sogea hatua mbili. Akibweka au akikataa kula, umesogea haraka mno. Rudi nyuma, usimchape, usimvute. Mbwa anayekataa ini lililochemshwa anakuambia kwamba woga umemjaa hadi koo limefunga, na mnyama katika hali hiyo hafundishiki.

Somo la pili ni gunia. Chukua gunia kuukuu, litandike mahali anapoona geti lakini halifikii. Kila anapolikanyaga kwa hiari, mpe. Kisha mpe anapolala juu yake, kisha unapotamka neno moja fupi, kwa mfano "gunia". Baada ya hapo gonga geti mwenyewe, sema "gunia", mpe. Mbwa aliyefundishwa hivi, geti likigongwa, hukimbilia gunia lake, na mteja anaingia akiwa anaonwa na mbwa mkubwa aliyetulia. Niambie ni ulinzi upi unaotisha zaidi kwa mtu mwenye nia mbaya.

Hapa linakuja swali ambalo kila mfugaji huliuliza, na ni swali la haki: mbwa akizoeshwa kupenda wageni atalinda nini? Wapo watakaokumbusha kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Jibu ni kwamba humfundishi kumpenda kila mtu. Unamfundisha kumvumilia mgeni ambaye wewe umempokea. Kubweka kwake hakuondolewi. Mwache abweke mara tatu au nne geti likigongwa, nenda utazame, sema "basi", na anyamazapo mpe chakula. Usiku, ambapo hakuna mtu wa kusema "basi", ataendelea kubweka mpaka uamke. Kazi kubwa ya mbwa wa ulinzi ni hiyo, kuamsha watu na kumwonyesha mwizi kwamba ameonekana. Kuuma ni kazi ya mbwa wa polisi aliye na askari wake pembeni, na hata huyo hufundishwa kuachia kwa amri.

Na sumu? Mbwa mwenye njaa anayetupiwa makombo mara moja kwa siku ndiye rahisi kulishwa sumu. Anayekula kwa ratiba, katika bakuli lake, kutoka kwa mtu anayemjua, na aliyefundishwa kuacha kitu kilichoko chini hadi aambiwe, yuko salama kidogo zaidi. Nasema kidogo, kwa sababu hakuna mbwa asiyeshawishika na nyama, na anayekuuzia mbwa kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Kwa wasomaji Waislamu, hasa wa Pwani, wanaofuga mbwa kwa ajili ya shamba au mifugo lakini hawapendi kuguswa na mate yake, mafunzo haya hayahitaji mkono kufika mdomoni. Dagaa anaweza kutupwa chini mbele ya miguu ya mbwa, au kutolewa kwa kijiko cha mti chenye mpini mrefu. Matokeo ni yaleyale.

Somo kutoka Namibia

Mfano mzuri zaidi barani mwetu wa mbwa wakubwa wa ulinzi unatoka Namibia. Tangu mwaka 1994, Mfuko wa Uhifadhi wa Duma ulioasisiwa na Mmarekani Laurie Marker umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wenye asili ya Uturuki, aina za Anatolian shepherd na Kangal, ili walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma, chui na mbweha. Mbwa hawa ni wakubwa kwelikweli. Lakini hawatengenezwi kwa mawe na mnyororo. Mtoto wa mbwa anapelekwa kuishi na mbuzi akiwa bado mdogo, anakua nao, anawaona kuwa jamaa zake. Mnyama mkali akitokea, mbwa anasimama katikati na kubweka kwa sauti nzito, na mara nyingi chui huamua kwamba mlo huo hauna faida.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilionyesha kwamba asilimia 73 ya wafugaji waliohojiwa waliona upotevu wa mifugo umepungua sana tangu wapate mbwa hao. Mbwa kutoka mpango huo walifika hadi Tanzania katika miaka ya mwanzo ya 2010, kwa wafugaji wa vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako simba na fisi ni majirani wa kila siku.

Hatuhitaji kuagiza Kangal ili tujifunze hapo. Cha kuiga ni umri. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya 14 tangu kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea kila kitu kipya kama kitu cha kawaida: mbuzi, pikipiki, watoto, mwavuli, mtu mwenye kofia. Ukipita muda huo, kitu kipya huwa cha kushukiwa. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi wenyewe ni miezi mitatu na ushee tu. Muuzaji anayemtoa mtoto kwa mama akiwa na wiki tano, na mnunuzi anayemficha gizani mpaka awe na miezi sita, kwa pamoja wameliua darasa lote hilo.

Biashara ya kuzalisha mbwa wakubwa inakua katika miji yetu na haina msimamizi wa maana. Nchi nyingine zimefika mahali pa kukimbilia marufuku. Nchini Uingereza, kuanzia Februari 2024 ni kosa kumiliki mbwa aina ya XL Bully huko England na Wales bila cheti cha msamaha. Afrika Kusini mwaka 2022 kulikuwa na kilio kikubwa cha kutaka pit bull wapigwe marufuku baada ya watoto kuuawa. Sina imani kubwa na sheria inayotazama sura ya mbwa, kwa sababu mtu yuleyule na mnyororo wake atanunua aina nyingine kesho. Mnunuzi mwenye akili ana nguvu kuliko marufuku: adai kumwona mama wa watoto akiwa huru, bila mnyororo. Mama akiwa anajaribu kumla mgeni, mnunuzi afunge pochi yake aondoke. Adai pia kadi ya chanjo na dawa za minyoo, na asikubali mtoto wa chini ya wiki nane.

Kuna mbwa ambao mafunzo haya hayawafai, au hayawafai kwanza. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla akawa mkali huenda anaumwa. Sikio lililooza ndani, jino, au nyonga, ambayo ni tatizo la kawaida kwa aina kubwa. Huyo anahitaji daktari wa mifugo kabla ya dagaa. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti yake imegeuka, asikaribiwe na mtu kabisa. Afungiwe mahali alipo bila kuguswa, na ofisi ya mifugo iitwe mara moja. Na yupo mbwa ambaye ameshauma watu zaidi ya mmoja kwa kina, katika nyumba yenye watoto wadogo na geti la biashara. Mtaalamu mkweli atakuambia kwamba huyo hapaswi kuishi mahali hapo hata kama anaweza kupunguziwa ukali. Kuhasi kunasaidia kupunguza kuzurura na kupigania majike. Mbwa anayeuma kwa woga hawezi kuponywa kwa kisu.

Ugumu wa mwisho hauhusu mbwa bali watu. Mwenye shamba anafundisha Jumamosi, Jumatatu kijana wa kazi anamfukuza mbwa kwa mpini wa fagio, na wiki nzima imeharibika. Wafanyakazi wetu pia hubadilika mara kwa mara. Katika shamba la kuku ambalo nimeona jambo hili likienda vizuri, utaratibu ni kwamba kijana mpya hufika siku kumi kabla yule wa zamani hajaondoka. Siku za mwanzo anamtupia mbwa dagaa kwa mbali, nje ya uzio. Siku ya nne au ya tano wanatembea pamoja wote watatu, kamba ikiwa kwa yule wa zamani. Wiki ya pili mpya ndiye anayetoa bakuli la jioni. Siku ya kuondoka, wa zamani anakabidhi funguo za banda, daftari la mayai, kadi ya chanjo ya mbwa, na orodha fupi ya maneno ambayo mbwa anayajua, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa stoo.